Mvua Inanyesha, Maji Hayazami: Dhana Potofu Kuhusu Kulima, Miti na Udongo

Udongo wenye afya, karibu nusu ya ujazo wake si udongo. Ni matundu: mengine membamba kuliko unywele, hayo hushika maji, mengine mapana, hayo hupitisha hewa na kuteremsha mvua hadi chini. Mkulima na mpanda miti wanayagusa matundu hayo kila siku, wajue wasijue. Mengi tunayoambiana kuhusu maji ya mvua yamepotoka kwa sababu tunautazama udongo kama kifusi, tukasahau nafasi iliyomo ndani yake.

Tuanze na hesabu ndogo. Milimita 1 ya mvua kwenye hekta 1 ni lita 10,000. Ikinyesha milimita 30 jioni moja, hizo ni lita 300,000, na zikikosa pa kuzama zitateremka pamoja na udongo wa juu.

"Lima sana, ulainishe, maji yatapenya"

Kwa siku chache za mwanzo ni kweli. Shamba lililotoka kulimwa hunywa maji vizuri, ndiyo maana dhana hii haifi. Shida huja baada ya mvua kadhaa. Tone kubwa la mvua hufika ardhini kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde. Likikuta udongo uliosagwa na usiofunikwa, huzipasua chembe zake, unga laini unaziba matundu ya juu, na jua likiwaka unabaki ukoko. Hapo utakuta mfereji umejaa maji ya tope, na ukikwangua ukoko kwa kidole, chini yake ni pakavu.

Kinachoshikamanisha chembe za udongo ni gundi zinazotolewa na vijidudu, nyuzi za kuvu na mizizi midogo. Kila jembe linapopita, nyuzi hizo hukatika, hewa huingia kwa wingi, na mboji huliwa haraka kuliko inavyorudishwa.

Jionee mwenyewe. Chukua mabonge mawili madogo: moja katikati ya shamba linalolimwa kila msimu, jingine mpakani, mahali ambapo nyasi zimekaa miaka bila kuguswa. Yaanike yakauke kabisa, kisha yaweke taratibu juu ya kipande cha wavu ndani ya glasi za maji. Mara nyingi lile la shambani hutoa mapovu, hupasuka pembeni, na baada ya dakika chache limeshakuwa tope chini ya glasi. La mpakani hukaa, na maji yake hubaki masafi. Ni ardhi ileile, isipokuwa moja imeachiwa mizizi yake.

Nisieleweke vibaya: kuacha kulima peke yake hakutoshi. Udongo usiolimwa na usiofunikwa, usio na matandazo wala mizizi hai, huwa mgumu tu na kumwaga maji kama uwanja wa mpira. Anayeweka jembe chini lazima aufunike udongo.

"Udongo ukigoma, leta trekta kubwa"

Chimba shimo la kina cha sentimita 40 kwenye shamba lililolimwa miaka mingi. Mara nyingi utakutana na tabaka gumu, limelala kama sahani zilizopangwa, na mizizi ikilifikia inapinda na kutambaa pembeni. Tabaka hilo tumelitengeneza wenyewe kwa kupitisha plau kwenye kina kilekile msimu baada ya msimu. Hata jembe la mkono hulitengeneza, ila karibu zaidi na juu.

Magurudumu huongeza balaa, hasa udongo ukiwa umelowa. Pito la kwanza ndilo hufanya sehemu kubwa ya uharibifu, na mashine ikiwa nzito mno, hata matairi mapana hayazuii mgandamizo kufika chini. Kupasua tabaka hilo kwa chuma kirefu wakati wa kiangazi husaidia, lakini mashine ileile ikirudi kukanyaga popote, matundu hujifunga tena. Afadhali mashine zipewe njia maalumu na sehemu nyingine zote zisikanyagwe. Vivyo hivyo msituni: njia za kuburutia magogo zinaweza kubaki zimegandamana kwa miongo kadhaa.

"Mti ni mti, panda wowote, chemchemi itarudi"

Dhana hii inaniumiza kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini wana nia njema. Mti hunywa. Mwaka 1982 watafiti Bosch na Hewlett walikusanya matokeo ya majaribio kutoka mabonde 94 ya maji. Walikuta kwamba pale penye misonobari na mikaratusi, kila badiliko la asilimia 10 ya eneo lililofunikwa na miti liliendana na badiliko la wastani wa milimita 40 za maji ya mto kwa mwaka: miti ikiongezeka, maji yanapungua. Afrika Kusini ililitambua tatizo hili mapema, na tangu mwaka 1972 ikaweka vibali vya kupanda misitu ya biashara ili kulinda mito.

Hiyo si sababu ya kukata msitu wa asili. Ukikatwa, maji yanayoteremka huongezeka, lakini yakikuta ardhi iliyokanyagwa huja kama mafuriko yenye tope, na kiangazi mto unaweza kukauka. Kwenye milima yenye ukungu, miti hukamua maji hata hewani. Na kwenye ardhi iliyochakaa, miti michache iliyoachana inaweza kufungua udongo ukanywa zaidi ya kile mizizi inachotumia. Kwa hiyo kabla ya kupanda, uliza ni mti gani, wapi, na mingapi. Mikaratusi pembezoni mwa chemchemi ni kosa.

"Kivuli cha miti kinatosha kuzuia mmomonyoko"

Majani mapana, kama ya mitiki, hukusanya mvua kuwa matone makubwa, na yakianguka kutoka mita 8 au zaidi hupiga ardhi kwa karibu nguvu zake zote. Kinachookoa udongo ni zulia la majani makavu chini. Ukilifagia au kulichoma, unaweza kupata makorongo ndani ya shamba la miti iliyostawi.

"Ardhi tambarare haimomonyoki"

Tambarare za Marekani zilipeperushwa na upepo miaka ya 1930. Mwezi Mei 1934 vumbi lake lilifika New York.

"Mfinyanzi mgumu, uchanganye na mchanga"

Mchanga kidogo hujipanga ndani ya mfinyanzi na kuufanya uwe mgumu zaidi. Mfinyanzi hufunguliwa na mboji, nyungunyungu na mizizi iliyoachwa ioze palepale ilipoota. Ukichimba polepole utaona: mzizi wa msimu huu umeteremka ndani ya njia ya mzizi wa zamani, na kuta za njia hiyo ni nyeusi, zina unyevu.