Ebenezeri ni Jiwe

Jumapili iliyopita nimemsikia tena kiongozi wa maombi akiita, "Ebenezeri, twakuabudu," nasi tukaitikia amina. Ebenezeri si jina la Mungu, wala maana yake si "Mungu ametusaidia". Ni maneno mawili ya Kiebrania, eben, yaani jiwe, na ezeri, yaani msaada: jiwe la msaada.

Jiwe hilo nabii Samweli alilisimamisha kati ya Mispa na Sheni baada ya Wafilisti, adui za Israeli, kushindwa (1 Samweli 7:12), na maneno "Hata sasa BWANA ametusaidia" ndiyo sababu aliyoitoa ya kuliita hivyo, si tafsiri ya jina. Wengi huvichanganya viwili hivyo kwa kuwa vimo katika aya moja. Lakini linaloniuma zaidi ni hiyo "hata sasa", kwa sababu hapo tunakosea Kiswahili chetu wenyewe. "Hata" hii si ile ya "hata mtoto anajua". Ni ile ya zamani, yenye maana ya mpaka, kama tunavyosoma katika Zaburi ya 90, "tangu milele hata milele". Kiebrania chasema ad hena, mpaka hapa, maneno yanayoweza kutaja mahali na wakati pia. Samweli, basi, hasemi kwamba Mungu anasaidia hata leo, ingawa hilo ni kweli. Anaonyesha walikofika, na njia ya kufika pale ilikuwa chungu, kwani katika sura ya 4 Waisraeli waliopiga kambi penye jina hilohilo la Ebenezeri walipoteza askari wa miguu 30,000, na sanduku la Mungu likatekwa, kisha katika sura ya 5 likapelekwa Ashdodi, mji wa Wafilisti. Anayeisoma sura ya 7 bila ya 4 hawezi kuusikia uzito wa "mpaka hapa".

Anayetaka jina lenye maana ya "Mungu amesaidia" analo tayari: ni Eleazari, ambalo kwa njia ya Kiyunani limetufikia kama Lazaro. Naye Eliezeri, mwana wa Musa, jina lake ni "Mungu wangu ni msaada". Mwenye mtoto au duka liitwalo Ebenezeri hana haja ya kulibadili, kwa maana ni jina jema la kumbukumbu. Katika maombi tu, kama hatutaki kuliacha neno hilo, tuseme "Mungu wa Ebenezeri", ili tumwite yeye aliyesaidia, badala ya jiwe alilosimamishiwa.