Watu 1,200 Wanatosha, na Dhana Nyingine Zinazonichosha

Nimeacha kuhesabu mikutano iliyokwama kwenye ukurasa wa pili wa ripoti ya utafiti wa maoni, ule unaosema tulihoji watu wangapi. Mkubwa anausoma, anavua miwani, anauliza: "Watu 1,200 tu? Kwa nchi nzima?" Kuanzia hapo matokeo hayana msikilizaji tena. Juzi nimeulizwa swali hilo kwa mara nyingine, na aliyeuliza ana shahada mbili za biashara. Nikaona heri niliandike, ili siku nyingine nitume maandishi badala ya kupandisha sauti.

Dhana: Sampuli isiyofika asilimia 10 ya watu wote haifai

Usahihi wa sampuli nasibu unategemea idadi ya waliohojiwa. Ukubwa wa umma, yaani watu wote ambao sampuli imetolewa kwao, karibu hauna kazi. Ukihoji watu 1,200 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na majibu yakakaribia nusu kwa nusu, kiwango cha kosa ni pointi 2.8 za asilimia hivi juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95: ukirudia utafiti mara 100, karibu mara 95 ukweli utakuwa ndani ya mipaka hiyo. Nchi ikiwa na watu milioni 5, ni 2.8. Ikiwa na milioni 200, ni 2.8 ileile. Nenda kwenye mji wa watu 10,000, ambako hao 1,200 ni asilimia 12 ya mji, na kosa linashuka hadi 2.65. Umepita kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi, na ulichovuna hakifiki hata robo ya pointi.

Kichekesho ni kwamba asilimia 10 imo kweli vitabuni, ila imegeuzwa kichwa chini. Mwanafunzi wa takwimu hufundishwa kwamba sampuli isipozidi asilimia 10 ya umma, basi ukubwa wa umma huo anaweza kuusahau katika hesabu zake. Mtu alisikia nusu ya somo, akaipeleka ofisini, ikawa sheria.

Sasa ichukue sheria hiyo uifanyie kazi. Kampuni ina wafanyakazi 500, unahoji 50, na kosa lako ni pointi 13. Yaani ukiambiwa nusu yao wameridhika, ukweli unaweza kuwa 37 au 63. Nchi ina watu milioni 50, unatakiwa kuhoji milioni 5, na bajeti ya mwaka imekwisha kabla ya dodoso kuchapwa. Sheria inakunyima pale unapohitaji na kukufilisi pale usipohitaji.

Wanaonibishia kwa hili hupimwa damu bila kinyongo. Baba ana uzito mara saba ya mwanawe, lakini sijaona baba aliyedai atolewe damu mara saba ndipo ayaamini majibu. Tone linatosha kwa sababu damu imechanganyika. Watu hawajichanganyi hivyo. Wenye simu wako upande wao, wenye hasira wako wao, wasiopatikana mchana nao wako kwingine kabisa. Bahati nasibu ndiyo inayofanya kazi ya moyo hapa: inawakoroga. Ukiiruka, hakuna idadi itakayokuokoa.

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni milioni 10 hivi, likarudishiwa zaidi ya milioni 2. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati simu na gari vilikuwa vya wenye nafuu. Likatangaza kwamba katika uchaguzi wa urais Alf Landon anamshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akapata takribani asilimia 61 ya kura na kupoteza majimbo 2 tu kati ya 48. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ya watu 50,000 hivi, alikuwa amesema Roosevelt atashinda. Jarida lenyewe halikufika mwaka 1939.

Wateja hunijibu kwamba hayo ni ya zamani, siku hizi kuna data. Haya, twende 2021. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kiliendesha uchunguzi kupitia Facebook kuhusu chanjo ya UVIKO-19 Marekani, ukiingiza majibu 250,000 hivi kila wiki. Kufikia Mei ulikuwa umekadiria watu wazima waliopata dozi ya kwanza kwa pointi 17 zaidi ya ukweli. Uchunguzi wa tovuti ya habari ya Axios na kampuni ya utafiti ya Ipsos, wenye watu kama 1,000 kila mara, ulikuwa karibu sana na hali halisi. Uchambuzi uliotoka katika jarida la Nature mwishoni mwa mwaka huo ulionyesha kwamba ule mkubwa ulikuwa na thamani sawa na sampuli nasibu ya watu 10. Soma tena: kumi. Tena ukubwa wake uliufanya uwe na hatari zaidi, maana kiwango cha kosa kilichoandikwa pembeni kilikuwa kidogo kupita kiasi, na kila aliyekiona aliamini ameshika ukweli.

Kwa hiyo ukinikuta na ripoti, usiniulize wangapi walijibu. Niulize wangapi hawakujibu, na ni akina nani. Nikianza kubabaika hapo, nirudishie ripoti yangu.

Kuna mahali ambapo mteja analalamika kwa haki, ingawa kwa sababu asiyoitaja. Watu 1,200 wanatosha kusema juu ya nchi kwa ujumla. Akitaka jibu la kila mkoa, na mikoa ni 24, kila mmoja unabaki na watu 50, na kosa linapaa hadi pointi 14. Hapo ndipo sampuli inapopaswa kukua, kwa sababu maswali yamekuwa 24 badala ya moja. Vilevile tukihoji kwa vishada, kaya kadhaa za mtaa mmoja ili kupunguza nauli, kosa linaongezeka, kwa kuwa majirani hufanana. Hayo ni mambo ya kubishania. Ukubwa wa nchi haumo.

Tena kila pointi inauzwa ghali. Kupunguza kosa kwa nusu kunadai watu mara nne: kutoka 2.8 hadi 1.4 unatoka 1,200 hadi 4,800. Ushauri wangu, ambao wafanyakazi wenzangu wameshachoka kuusikia, ni huu: kabla ya kuagiza utafiti andika kwenye karatasi utafanya nini jibu likiwa 40, na utafanya nini likiwa 60. Kama maandishi ni yaleyale, hela yako itunze. Yule mwenye shahada mbili nilimpa karatasi, akaandika, akaona uamuzi wake haubadiliki hata kwa pointi 5. Kisha akasema, "Basi tuongeze tu wafike 2,000." Nikamtumia ankara. Kosa litashuka kutoka 2.8 hadi 2.2.

Nyingine nazipitia kwa haraka.

Dhana: Mfumuko wa bei umeshuka, kwa hiyo bei zimeshuka

Mfumuko ni mwendo wa bei. Kitu cha 100 kikipanda kwa asilimia 10 kinakuwa 110. Mwaka unaofuata mfumuko ukashuka hadi asilimia 4, kinakuwa 114.4. Mwendo umepungua, safari ni ileile ya kupanda. Bei zikishuka kwa jumla hali hiyo ina jina lake na balaa zake, na mabenki kuu huikimbia, kwa sababu mnunuzi huahirisha manunuzi na deni huwa zito zaidi kila mwezi. Anayesema "serikali inadanganya, mfumuko umeshuka lakini bei ziko palepale" anaweza kuwa na malalamiko ya kweli kuhusu mshahara wake. Tarakimu lakini hazijamdanganya.

Dhana: Riba iliyotoka asilimia 10 hadi 12 imepanda kwa asilimia 2

Imepanda kwa pointi 2, ambazo ni asilimia 20. Mkopaji ambaye riba yake inabadilika analipa riba zaidi kwa moja ya tano. Nimeona habari hii ikiandikwa kwa upole wa "asilimia 2" na watu wakapuuza, na nimeona kampuni ikijisifu kwa "ongezeko la asilimia 100" la wateja kutoka wawili hadi wanne. Ukiona asilimia, dai namba ya kuanzia.

Dhana: Biashara yenye faida haiwezi kuishiwa pesa

Inaishiwa, tena mara nyingi wakati inapokua. Faida huandikwa siku bidhaa inapouzwa, pesa huingia siku mteja anapolipa. Ukimpa mteja siku 90 na msambazaji wako anataka chake ndani ya 30, kila oda mpya inakuchimbia shimo la siku 60 ambalo lazima ulijaze kwa akiba au mkopo. Oda zikiongezeka maradufu, shimo nalo. Mwenye duka anayenionyesha taarifa ya mapato na mizania (orodha ya mali na madeni) bila taarifa ya mtiririko wa fedha ni kama anayeniletea picha ya gari niseme lina mafuta kiasi gani.

Dhana: Tumeshatumia pesa nyingi mno, hatuwezi kuacha

Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuunda Concorde, ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti, mwaka 1962. Gharama zikapaa, mashirika ya ndege ya nje yaliyokuwa yameonyesha nia yakajitoa, na nchi zote mbili zikaendelea. Ilipoanza safari za biashara mwaka 1976, wanunuzi walikuwa mashirika ya nchi hizo mbili tu, na ndege zilizobeba abiria wa kulipa zilikuwa 14. Pesa iliyokwisha kutoka haimo tena katika hesabu ya uamuzi. Linganisha kinachobaki kutumika na kinachobaki kupatikana, basi. Wanakamati wengi hulikubali hili ukiwaeleza kwa mradi wa watu wengine, wakalisahau ajenda ya pili inapofunguliwa.

Dhana: Pato la taifa limekua, kwa hiyo watu wanaishi vizuri zaidi

Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la taifa la Marekani, aliionya Kongresi katika ripoti ileile ya 1934 iliyotoa tarakimu hizo kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa humo. Kipimo kinahesabu kinachouzwa na kununuliwa. Mama anayelea wanawe nyumbani hayumo, na akiajiri yaya, pato limekua. Kinafaa sana kwa kujua kodi itakusanyika kiasi gani au kama uchumi unasinyaa robo hii, na hayo ndiyo ninayokitumia.