Mji Unashuka, Haupandi

Jumamosi nilikuwa msibani Mpunguzi, Dodoma, na kwa mara nyingine msemaji akatuambia marehemu ameiacha dunia hii ambayo Mungu ataichoma iishe. Nikanyamaza, msibani hapabishaniwi. Baadaye, tukisubiri chakula, mzee mmoja akanionyesha korongo linalokula mizabibu yake. Nikamuuliza mbona haweki hata mawe ya kulizuia.

"Mchungaji, si itaungua yote? Nijichoshe ya nini?"

Niliudhika. Si naye, bali na sisi tuliomfundisha.

Anayefia katika Bwana yuko na Kristo, Wafilipi 1:23, kwa hilo sina ugomvi. Lakini hicho ni kituo cha njiani. Tunakiri ufufuo wa mwili. Mwili huo utakaa wapi, hewani? Ufunuo 21 hauwaonyeshi watakatifu wakipanda. Yohana anauona mji "ukishuka", na sauti inasema maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu. Anayehamia ni Mungu! Hata Wafilipi 3:20 mnaoupenda, "wenyeji wetu uko mbinguni", umalizieni basi: "kutoka huko" tunamtazamia Mwokozi. Kutoka, jamani.

(Halafu Biblia yetu husema "nchi" ikimaanisha dunia, kwa hiyo kila mwaka yupo mwanafunzi anayedhani "watairithi nchi" ni habari za uchaguzi.)

Najua mtanirushia 2 Petro 3:10. Haya. Tunasoma kwamba nchi na kazi zilizomo "zitateketea". Ila nakala mbili kongwe za Biblia ya Kigiriki za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, hazina neno hilo. Zina heurethesetai, "zitaonekana": kila kilichofanyika kinaletwa hadharani mbele ya Hakimu. Na mistari minne nyuma Petro anasema dunia ya kale "ikaangamia" kwa maji ya gharika. Iliangamia, na ndiyo hii tunayoilima. Moto wake nausoma kama wa msafisha fedha wa Malaki 3, wala si wa kuchomea taka.

Lakini nisijifanye nimemaliza. "Zitaonekana" ni usomaji mgumu, wanakili wa kale wenyewe ulionekana kuwashinda, wakaandika vingine. Na mstari wa 12, ule wa viumbe vya asili kuyeyuka, nimeufundisha miaka mingi na kila mara nautoka darasani haraka kuliko inavyonipasa.

Mzee sikumpa Kigiriki. Nilimfungulia Isaya 65, palepale Mungu anapoahidi mbingu mpya na nchi mpya: "watapanda mizabibu, na kula matunda yake." Akasoma mwenyewe, kidole mstarini.

"Na huko tutavuna mara mbili kwa mwaka kama hapa?"

Nikamsomea Ufunuo 22:2, mti wa uzima unaotoa matunda kila mwezi.

Akaguna. "Kila mwezi? Basi kupogoa hakutaisha." Kisha akaniuliza kama namjua mtu mwenye trekta la kusombea mawe.