Je, wajua kwa nini Barbados iliwaita wageni waje na jembe lao?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Julai 2020, viwanja vingi vya ndege duniani vikiwa kimya kwa sababu ya korona na watu wakiogopa hata kupeana mikono, Waziri Mkuu wa Barbados, Mia Mottley, alitoa mwaliko ulioanzia pale pale kwenye jembe: njooni mkae miezi 12, na kazi zenu mje nazo. Kibali hicho kikaitwa Welcome Stamp, yaani muhuri wa makaribisho.

Mwaliko huo ulishangaza wengi. Ugonjwa ulikuwa ukisafiri na abiria, na hapa kisiwa kidogo cha Karibi kinawaita abiria waje wakae mwaka mzima. Kwa nini hakikungoja tu watalii wake wa kawaida, wale wa wiki moja au mbili, warudi?

Tuanze na sarafu, kwa sababu haraka ya Barbados ilitoka huko. Kisiwa hiki kina kilomita za mraba 430 hivi, hakifiki hata nusu ya Pemba, na watu wake ni kama 280,000. Kwa karne nyingi kiliishi kwa miwa; siku hizi kinaishi kwa wageni. Chakula kingi na mafuta mengi hununuliwa nje. Tena tangu 1975 dola ya Barbados imefungwa kwenye dola ya Marekani: mbili za Barbados kwa moja ya Marekani, mwaka nenda mwaka rudi. Ili kiwango hicho kisimame, lazima benki kuu iwe na akiba ya kutosha ya fedha za kigeni, na fedha hizo huingia kwa kiasi kikubwa mfukoni mwa mtalii. Mwaka 2018 deni la taifa lilikuwa limepita asilimia 150 ya pato la nchi, na serikali ilikuwa imeingia katika mpango mgumu wa marekebisho na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nchi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kupumua.

Wagonjwa wa kwanza wa korona walithibitishwa Machi 2020. Amri ya kutotoka nje ikafuata, ndege za kawaida za abiria zikasimama, hoteli zikafunga milango. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi walikwenda kudai mafao ya kukosa kazi kwenye mfuko wa bima ya taifa. Fikiria makumi ya maelfu katika nchi ya watu 280,000. Mtandika vitanda, dereva wa teksi, mvuvi anayeuza samaki hotelini, muuza matunda anayemtegemea mpishi: mnyororo wote ulikatika kwa mpigo. Mwaka huo uchumi ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 10.

Tarehe 12 Julai 2020 ndege za abiria zilianza tena kutua, ya kwanza ikitoka Toronto. Lakini mlango haukufunguliwa wazi. Nchi za dunia ziligawanywa kwa kiwango cha hatari. Msafiri alitakiwa aje na cheti cha PCR, yaani kipimo cha kutafuta virusi vya korona, kilichochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya safari, na anayetoka kwenye hatari kubwa alibaki mahali palipoidhinishwa mpaka apimwe tena baada ya siku kadhaa na majibu yatoke safi. Idadi ya siku ilibadilika mara nyingi kadiri ugonjwa ulivyopanda na kushuka.

Kwa nini vipimo viwili? Kwa sababu kipimo ni picha ya siku moja. Mtu aliyeambukizwa jana, leo anapimwa na hana kitu. Virusi bado havijazaana vya kutosha kuonekana. Siku ya nne au ya tano ndipo vinapojitokeza. Barbados ilikuja kuliona hilo kwa macho Novemba 2020, pale meli ndogo ya kitalii SeaDream 1 ilipong'oa nanga kisiwani humo, ikiwa miongoni mwa za kwanza kurudi katika bahari ya Karibi. Abiria wote walikuwa wamepimwa kabla ya kupanda. Siku chache baadaye mmoja akaugua, wengine wakakutwa na virusi, na meli ikalazimika kurudi bandarini Bridgetown. Kisiwa chenye hospitali kuu moja ya umma, Queen Elizabeth, hakiwezi kuchezea jambo hilo.

Sasa piga hesabu ya mgeni. Tuseme kanuni inamtaka akae chumbani siku tano akingoja majibu. Mwenye likizo ya wiki moja amebakiwa na siku mbili za kuona bahari. Amelipa nauli, amelipa hoteli, amelipa vipimo, na amekwenda kutazama ukuta. Hatakuja. Lakini aliyekuja kwa mwaka, siku zile zile tano ni kama kungoja mizigo uwanjani: bado ana siku 360. Kanuni haikulegezwa hata kidogo, ila maumivu yake yametawanywa kwenye siku nyingi hata hayasikiki.

Hesabu hiyo hiyo, ukiigeuza upande wa mwenyeji, inapendeza zaidi. Ili kupata wiki 52 za matumizi kutoka kwa watalii wa wiki moja moja, kisiwa kinafungua mlango mara 52, na kila mara virusi vinaweza kupenya. Mgeni wa mwaka anafunguliwa mara moja, anapimwa, anangoja, kisha anatumia fedha zake wiki hizo zote 52. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na safari hii kupona kulihesabiwa kwa maana zote mbili. Ninavyoona mimi, hapo ndipo penye werevu wa jambo lenyewe: daktari na mhasibu, waliokuwa wakivutana katika kila nchi mwaka ule, hapa walikuta jibu moja likiwafaa wote.

Na jembe? Mwombaji alitakiwa athibitishe kipato cha angalau dola 50,000 za Marekani kwa mwaka, na alipie ada ya dola 2,000 akiwa peke yake au 3,000 kwa familia. Kazi yake ilipaswa kuwa ya mwajiri au wateja walio nje ya kisiwa. Kwa hiyo alikuja na jembe lake na shamba lake pia, bila kumnyang'anya mwenyeji kibarua. Kipato hicho hakikutozwa kodi ya mapato Barbados. Usidhani serikali ilitoka mikono mitupu: kodi ya ongezeko la thamani huko ni asilimia 17.5, na mtu anayekaa mwaka anapanga nyumba, ananunua sokoni, anakodi gari. Ijumaa usiku anakwenda Oistins kula samaki wa kuchoma. Na akitaka chakula cha taifa anaagiza samaki-panzi na cou-cou, ambayo mla ugali yeyote angeitambua mara moja, kwani ni unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia.

Visiwa vingine vilifuata upesi na vibali vya namna hiyo: Bermuda, Antigua na Barbuda, Visiwa vya Cayman, Dominica.

Hata hivyo mpangaji wa nyumba si mgeni wa hoteli. Fedha zake zinamfikia mwenye nyumba na mwenye duka kabla ya kumfikia mtandika vitanda, na wengine haziwafikii kabisa. Ndiyo maana serikali ililazimika kuwa na mpango mwingine sambamba: kuweka mtaji katika hoteli kwa sharti kwamba ziwarudishe wafanyakazi na kuwalipa asilimia 80 ya mshahara, huku wakipata mafunzo na majengo yakikarabatiwa. Nauthamini mpango huo kuliko ule wa viza, ingawa haukuandikwa sana magazetini.

Halafu ukaja mwaka 2021, na kila mwezi na kisa chake. Sherehe za mwisho wa Desemba zilieneza maambukizi, na Februari nchi ikafungwa tena. Aprili volkano ya La Soufrière ililipuka katika kisiwa jirani cha Saint Vincent. Upepo ukabeba majivu hadi Barbados, mchana ukawa giza, uwanja wa ndege ukafungwa kwa siku kadhaa. Julai kimbunga Elsa kikapiga, kimbunga kamili cha kwanza kisiwani humo tangu Janet wa 1955, na zaidi ya nyumba 1,000 ziliharibika.

Chanjo ndizo zilizolegeza kamba. Za kwanza zilitoka India, Februari 2021. Baadaye nchi za Karibi ziliruhusiwa kununua kupitia jukwaa la vifaa tiba la Afrika, wakati mataifa tajiri yakiwa yamejilimbikizia. Undugu huo ulizungumzwa Septemba mwaka huo katika mkutano wa kwanza wa wakuu wa nchi za Afrika na Karibi, uliofanyika kwa njia ya video Kenya ikiwa mwenyeji. Tangu Mei 2021 mgeni aliyechanjwa hakungoja tena siku nyingi. Alipimwa, akapata majibu, akatoka.

Lakini kuna jambo ambalo kanuni za kisiwa hazikuweza kulifikia: kanuni za kwao mgeni. Soko kubwa la Barbados wakati huo lilikuwa Uingereza, na tangu Januari hadi katikati ya Mei 2021 Waingereza walikatazwa na sheria yao wenyewe kutoka nje kwa likizo. Msimu mkubwa wa Barbados ni Desemba hadi Aprili. Msimu ukapotea karibu wote, hata kama vitanda vilikuwa vimetandikwa. Linganisha na Aruba, kisiwa kinachotegemea Wamarekani, ambao hawakuzuiwa kuondoka kwao: kufikia 2023 Aruba ilikuwa imepita idadi yake ya wageni ya 2019, wakati Barbados bado ilikuwa chini ya yake. Marekani nayo ilimtaka kila anayerudi aoneshe kipimo safi, kuanzia Januari 2021 hadi Juni 2022. Ukikutwa na virusi siku ya kurudi, umekwama. Hofu hiyo ilimbana mwenye likizo fupi. Mwenye mkataba wa nyumba wa mwaka alikuwa nyumbani tayari.

Wazo lenyewe limeshafika Afrika Mashariki. Oktoba 2024 Rais William Ruto alitangaza kibali cha namna hiyo kwa wageni wanaofanyia kazi Kenya huku wakilipwa kutoka nje, wakati ambapo hakuna tena aliyekuwa akingoja majibu ya PCR chumbani.

Huko Barbados, Crop Over, sherehe kubwa ya mwisho wa mavuno ya miwa iliyokosekana 2020 na 2021, ilirudi mitaani kiangazi cha 2022. Tarehe 22 Septemba mwaka huo kanuni zote za korona kwa wasafiri zikafutwa. Welcome Stamp haikufutwa pamoja nazo. Iliundwa ili watu waweze kuvumilia karantini, na imeendelea kuwapokea wanaotaka kukaa mwaka mahali ambapo karantini haipo.