Mkataba wa 1967 haukukataza silaha zote angani

Juzi tena, kwenye mjadala, msemaji alisimama akatamka bila kusita kwamba silaha zimepigwa marufuku angani tangu 1967. Ukumbi mzima ukaafiki. Neno hili nimelisikia kwa wanafunzi, kwa waandishi wa habari, hata kwa wanadiplomasia, na nimechoka kulisahihisha pembeni, mtu mmoja mmoja, mkutano ukishakwisha.

Fungueni Ibara ya 4 ya mkataba wenyewe wa 1967, Mkataba wa Anga za Juu. Ina aya mbili tu. Ya kwanza inakataza kuweka kwenye obiti ya Dunia, yaani njia ya kuizunguka, chombo chochote kilichobeba silaha za nyuklia au silaha nyingine za maangamizi, kuzisimika kwenye magimba ya angani, au kuziweka angani kwa namna nyingine yoyote. Ya pili ndiyo yenye yale maneno matamu, kwamba matumizi yawe ya amani pekee. Ndiyo pia inayokataza kambi za kijeshi, mazoezi ya kivita na kujaribu silaha za aina yoyote. Sasa wekeni kidole mahali aya hiyo inapoanzia: Mwezi na magimba mengine ya angani. Obiti haimo. Ule utupu zinakozunguka setilaiti zetu zote haumo. Na walioandika hawakupitiwa: Marekani na Umoja wa Kisovieti tayari walikuwa na setilaiti za upelelezi huko juu, na hakuna aliyekuwa radhi kuziacha.

Kwa hiyo mzinga kwenye obiti haukatazwi na Ibara ya 4. Wasovieti waliufunga kwenye kituo chao cha angani, Salyut 3, kilichorushwa 1974, na wakaufyatua kikiwa huko huko. Kombora la nyuklia likikatiza anga za juu kuelekea bara jingine, halikuwekwa kwenye obiti, limepita tu. Na kombora la kutoka ardhini la kuvunjia setilaiti? Ibara ya 4 haina neno. China ilivunja setilaiti yake ya hali ya hewa, Fengyun-1C, Januari 2007, na vipande zaidi ya 3,000 vikaingia kwenye orodha ya wanaofuatilia vifusi vya angani. Marekani ikafuata 2008, India 2019, Urusi Novemba 2021, siku ambayo wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu walilazimika kujihifadhi ndani ya vyombo vyao vya kurudia Dunia.

Hapo watu huniambia, basi uandikwe mkataba mpya. Rasimu ipo. China na Urusi ziliipeleka Geneva 2008, kwenye Mkutano wa Upokonyaji Silaha, zikairekebisha 2014. Inakataza kuweka silaha angani, lakini haimzuii mtu kulimbikiza makombora ya ardhini, wala haina utaratibu wa ukaguzi. Marekani iliikataa, na Geneva huamua kwa maafikiano, kwa hiyo pingamizi la mmoja linatosha.

Lakini kinachoninyima usingizi ni neno lenyewe: silaha. Februari 2020 chombo cha kuhudumia setilaiti, MEV-1, kilijishikiza kwenye setilaiti ya mawasiliano ya Intelsat 901, iliyokuwa ikiishiwa fueli, kikaiwezesha kurudi kazini. Mapema 2022, chombo cha SJ-21 cha China kiliikokota setilaiti mbovu ya Beidou, mfumo wa China wa kuonyesha njia, hadi obiti ya kutupia zilizokufa. Kazi njema, zote mbili. Ila chombo kinachoweza kuishika setilaiti mbovu ya kwako kinaweza kuishika nzima ya mwenzako. Ukikataza kifaa, umekataza na ukarabati. Ukikataza nia, nani atakwenda kuikagua kilomita 36,000 juu, zinakozunguka setilaiti kama hizo?

Ndiyo maana siku hizi naegemea kukataza kitendo. Setilaiti ikivunjwa, rada zinaviona vipande, hakuna wa kubisha. Desemba 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zisifanye majaribio ya kuvunja setilaiti kwa makombora ya kutoka ardhini. 155 ziliunga mkono, 9 zikapinga. Azimio hilo halimfungi mtu kisheria. Halikugusa leza wala kuvuruga mawimbi ya setilaiti, kwa kuwa hayo hayaachi kifusi. Na hata lile lililo wazi tangu 1967 limetikisika: Aprili 2024 Marekani na Japani ziliomba Baraza la Usalama lisisitize tu marufuku ya nyuklia kwenye obiti. Wajumbe 13 walikubali, China haikupiga upande wowote, Urusi ikatumia kura ya turufu, ikidai marufuku yaguse silaha zote.

Bado nalitetea azimio la 2022, ingawa kuna swali linaloniuma. Waliokwisha kujaribu wanabaki na makombora yao na ujuzi wao. Nchi ambayo haijawahi kurusha hata moja ikiniuliza kwa nini ijifunge wakati wale wameshapata walichotaka, huwa nawaeleza wajumbe wake habari ya vifusi, kwamba vinamtishia kila mwenye setilaiti, na wananisikiliza kwa heshima. Jibu hilo halijawahi kuniridhisha hata mimi.