Kufungwa kwa Miguu ya Wanawake wa China: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kuwa binti wa Kichina alivishwa kiatu cha chuma au kiatu kidogo tu ili mguu usikue. Hali halisi ilikuwa ya kuumiza zaidi. Mtoto wa umri wa miaka mitano au sita aliloweshwa miguu katika maji ya moto, vidole vinne vikakunjwa chini ya wayo, kikaachwa kidole gumba peke yake, kisha mguu ukazungushiwa kitambaa kirefu kilichokazwa hadi mifupa ya vidole ikavunjika. Kila baada ya siku chache kitambaa kilifunguliwa, usaha ukasafishwa, kikakazwa tena. Kipimo kilichosifiwa kuliko vyote, kilichoitwa yungiyungi la dhahabu, kilikuwa sentimita 10 hivi.

Aliyekaza kitambaa hicho kwa kawaida alikuwa mama mzazi au bibi, na ndiyo maana maelezo ya kwamba wanaume waliwalazimisha wanawake kwa mkono wao wenyewe hayatoshi. Mama alijua kwamba mshenga ataulizwa habari za miguu ya binti kabla ya kuulizwa habari za sura yake. Kumwita katili na kuishia hapo ni kumwonea, kwa kuwa naye alipitia maumivu yaleyale na hakuona njia nyingine ya kumpatia mwanawe ndoa ya heshima.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba desturi hii ilikuwa ya matajiri wasiofanya kazi. Ni kweli ilianzia kwa watu wa tabaka la juu: katika kaburi la Huang Sheng, mwanamke wa tabaka hilo aliyefariki mwaka 1243 mjini Fuzhou, kusini mwa China, vilikutwa viatu vya urefu wa sentimita 14 hivi. Lakini karne zilivyopita ilishuka hadi vijijini. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1929 huko Dingxian, kaskazini mwa China, ulionyesha kuwa asilimia 99.2 ya wanawake waliozaliwa kabla ya mwaka 1890 walikuwa wamefungwa miguu, na hao walikuwa wake na mabinti wa wakulima. Watafiti Laurel Bossen na Hill Gates, waliowahoji wanawake wazee wa vijijini, wanaeleza kuwa msichana aliyefungwa miguu alikaa kitako akisokota nyuzi na kufuma vitambaa vilivyoiingizia familia kipato.

Si Wachina wote walioifuata. Wanawake wa Kimanchu, kabila la kaskazini-mashariki mwa nchi, hawakufunga miguu. Wengi wa Wahakka, jamii ya kusini mwa China, hawakufunga vilevile, kwani wanawake wao walilima mashamba.

Wala haikukoma siku ilipopigwa marufuku mwaka 1912. Kwa mwanamke ambaye mifupa yake ilikwisha kuunga vibaya, kuondolewa kitambaa kulileta maumivu mapya, na wengi waliendelea kujifunga hadi uzeeni. Kiwanda kimoja cha mji wa Harbin, kaskazini-mashariki mwa China, kiliendelea kuwatengenezea wazee hao viatu vyao vidogo hadi mwishoni mwa miaka ya 1990.