Ini hujijenga upya bila chupa ya "kusafisha ini"

Tangu kampeni ya Siku ya Homa ya Ini Duniani, Julai 28, dirisha la maabara yetu hapa Tanga linapokea swali lilelile kwa sura mbili. Mmoja anauliza kama ni kweli ini likiharibika hurudi lenyewe, maana kama ni kweli haoni sababu ya kuacha gongo. Mwingine amekuja na chupa ya unga aliyouziwa na mchuuzi wa kipaza sauti njia ya Kange, akiambiwa inaotesha ini kwa siku saba. Malalamiko kuhusu chupa hizo yameongezeka, ndiyo maana tumeona tuandike.

Ni kweli ini hujijenga upya. Mwaka 1931 watafiti Higgins na Anderson walikata theluthi mbili ya ini la panya, na ndani ya siku 7 hadi 10 uzito wake ulikuwa umerudi. Sehemu iliyokatwa haikuota. Zilizobaki ndizo zilizonenepa. Kwa mtu anayemtolea ndugu yake sehemu ya ini ni vivyo hivyo: umbo la zamani halirudi, ujazo na kazi ndivyo vinavyorudi, tena kwa wiki hadi miezi.

Kazi hiyo hufanywa na jeni zilizomo ndani ya seli za ini zenyewe. Seli ya ini ya mtu mzima kwa kawaida imetulia, haigawanyiki, iko kwenye shughuli zake za kutengeneza albumini, nyongo na protini za kugandisha damu. Ini likijeruhiwa, seli za kinga zinazoishi humo, ziitwazo seli za Kupffer, hutoa interlukini 6, protini ya kupeleka ishara. Haipiti muda, jeni za FOS, JUN na MYC, zinazoiandaa seli kugawanyika, zinaamka na kuanza kunakiliwa kwa wingi. Kisha kichocheo cha ukuaji, HGF, kinaisukuma seli, jeni ya saiklini D1, inayoiruhusu seli kuanza kugawanyika, inapanda, na hapo seli huanza kunakili DNA yake yote ili igawanyike. Kwa panya aliyefanyiwa upasuaji, kilele cha unakili huo ni kama saa 24 baadaye. Ujazo ukishatosha, ishara nyingine, TGF-beta ikiwamo, husaidia kutuliza mambo.

Wakati huohuo mwili unaendelea kudai sukari na protini za damu. Utafiti kwa panya umeonyesha kwamba seli hugawana zamu: baadhi zinagawanyika, nyingine zinapandisha jeni za kazi za kila siku ili kufidia. Utaratibu huu hauna nafasi ya kijiko cha unga kutoka nje.

Wasichokisikia watu ni kwamba utaratibu huu una kikomo. Parasetamo ni mfano mzuri, kwa kuwa iko kila nyumba. Ikizidi, ini huigeuza kuwa sumu, na seli zilizo karibu na mshipa wa kati wa kila kijisehemu cha ini hufa kwanza. Panya waliopewa dozi ya kudhuru kiasi, jeni ya saiklini D1 ilipanda na ini likapona. Kwa wale waliopewa dozi maradufu, jeni hiyo haikupanda inavyotakiwa, na seli hazikugawanyika ipasavyo. Anayemeza vidonge vya kichwa juu ya pombe, kisha akaongeza chupa asiyojua ndani mna nini, anacheza na kikomo hicho. Unga wa "mitishamba" uliochanganywa na dawa za hospitali si jambo geni duniani. Kwa mtu mzima mwenye afya, vidonge 8 vya parasetamo vya miligramu 500 kwa saa 24 ndio mwisho. Aliyezidisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama anajisikia vizuri. Dawa ya kumwokoa, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza.

Tafadhali msisome majibu ya ALT peke yenu. ALT ni kimeng'enya cha seli za ini, nacho huvuja kutoka kwenye seli zinazokufa, hivyo ikishuka huenda ini linapona, au huenda seli za kufa zimekwisha. Daktari hutazama pia bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu) na muda wa damu kuganda. Kila wiki tunaeleza hili dirishani, na kila wiki mtu anaondoka akishangilia namba moja.

Kuhusu chupa: maabara ya hospitali inapima damu yako, haipimi bidhaa. Bidhaa ipelekwe kwa mfamasia wa wilaya au ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ikidaiwa ni ya asili, mwone mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Kutoa tiba asili bila kusajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002, na adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Tunasisitiza kwamba waganga waliosajiliwa hawahusiki na onyo hili. Mlalamikaji aandike jina lake, mahali na tarehe ya kununua, bei, na dalili alizopata, pamoja na dawa nyingine alizokuwa akitumia. Chombo kije kilekile, na lebo yake, na kilichobaki ndani. Kilichohamishiwa kwenye chupa ya maji ya dukani hakitafaa kuwa ushahidi.